Kidonda Kibichi Hakina Bei

Tumfikirie kijana wa mashine ya kukoboa mpunga pale Majengo, Manispaa ya Mpanda. Ni mwezi wa sita, mpunga wa Mwamkulu na wa Mpimbwe unaingia mjini na magunia yamejaa hadi barazani. Mkanda unachomoka kwenye puli. Kijana anaurudisha bila kuzima mota, kama alivyofanya mara nyingi, na safari hii unaondoka na vidole vyake viwili. Mwenye mashine si mtu mbaya. Anampeleka hospitali, analipia dawa, na siku ya nne anafika nyumbani kwa wazazi wa kijana akiwa na mchele, sukari na bahasha. "Mdogo wangu, haya mambo tuyamalize wenyewe. Mimi na wewe ni ndugu." Mwenyekiti wa mtaa ameitwa kushuhudia. Kwenye karatasi ya daftari inaandikwa kwamba pande zote zimeridhika, na kijana anasaini kwa mkono wa kushoto.

Kijana huyu ni wa kufikirika, ila bahasha yake ni ya kweli na kila mtaa unaijua. Wanaoijadili huuliza jambo moja: ilikuwa na kiasi gani? Wengine watasema laki tano ni ndogo, wengine watasema bosi amejitahidi. Uchambuzi huu unasema swali hilo limeulizwa mapema mno, na limeulizwa kwa mtu asiyestahili kulijibu. Katika Tanzania Bara ya leo, fidia ya haki haitokani na mapatano kati ya majeruhi na bosi wake. Inatokana na mambo matatu: ushahidi kwamba uliajiriwa, ushahidi kwamba uliumia kazini, na kipimo cha daktari baada ya kidonda kupona. Ukiyapata matatu hayo, kiasi ni hesabu tu.

Mdaiwa amebadilika

Mpanda ni mji uliozaliwa na kazi ya hatari. Reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua ilifika hapa mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Mchimbaji wa enzi hizo alikuwa na sheria ya fidia, ile ya kikoloni iliyojulikana kama Sura ya 263. Tatizo la sheria hiyo ni kwamba viwango vyake viliandikwa kwa shilingi zisizosogea. Miaka ikapita, thamani ya pesa ikaporomoka, sheria ikabaki palepale: kiwango cha juu cha ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000.

Hapo ndipo utamaduni wa bahasha ulipopata mantiki yake. Bosi aliyetoa laki mbili kwa huruma alikuwa amelizidi bunge. Kumkataa na kwenda kudai sheria kulikuwa ujinga, kwa kuwa sheria ilikuwa na mkono mfupi kuliko wake. Wazee walioshauri "malizaneni" hawakuwa wakimsaliti kijana; walijua hesabu ya wakati wao.

Hesabu hiyo imekufa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Namba 20 ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaojulikana zaidi kwa herufi zake, WCF. Mfuko ulianza kazi Julai 1, 2015 na kuanza kulipa mafao Julai 1, 2016. Kila mwajiri wa Tanzania Bara, awe wa umma au binafsi, anatakiwa kujisajili na kuchangia kila mwezi kutokana na mishahara anayolipa. Mfanyakazi hachangii hata senti, na mwajiri haruhusiwi kumkata. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1, ikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022, sawa na sekta ya umma.

Maana ya mabadiliko haya bado haijafika barazani. Zamani mdaiwa alikuwa bosi, na kila shilingi aliyokupa ilitoka mfukoni mwake. Sasa anayewajibika kulipa ni Mfuko. Bosi aliyechangia hana sababu ya kuficha ajali wala kukubembeleza. Kazi yake ni kujaza fomu. Kwa mfanyakazi wa shilingi 300,000 kwa mwezi, mchango wake ni shilingi 1,500. Mwajiri anayeleta bahasha ya laki tano anatoa fedha ambayo ingemtosha kumchangia kijana huyo kwa zaidi ya miaka 27. Kwa hiyo ukiona bosi anakazana mmalizane, jiulize swali la kwanza: amesajiliwa? Kutojisajili ni kosa la jinai, lenye faini ya hadi shilingi milioni 50, kifungo cha hadi miaka mitano, au vyote viwili. Mara nyingi bahasha haimlindi majeruhi dhidi ya usumbufu. Inamlinda mtoaji dhidi ya kujulikana.

"Huyu si mfanyakazi wangu"

Ngome ya kwanza ya anayekwepa ni neno kibarua. "Huyu nilimwita tu siku ile." "Huyu ni dei waka." Katika Katavi, mkoa ulipo mji wa Mpanda, neno hili lina shamba kubwa la kustawi. Wapo wanaopakia magunia, wanaopasua mbao, wanaoshinda kwenye mabani ya tumbaku msimu mzima na kulipwa baada ya mauzo. Wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu kuzunguka Mpanda, ambao hawalipwi mshahara kabisa bali mgao wa mawe, na wenye karasha wanaosaga mawe hayo.

Sheria za kazi hazikuiachia ngome hiyo mlango wazi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa likithibitika hata jambo moja kati ya kadhaa: kwamba namna au saa zake za kazi zinaongozwa na mwingine, kwamba amemfanyia mtu huyo kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba anamtegemea kiuchumi, kwamba anapewa vifaa vya kazi, au kwamba anafanya kazi kwa mtu mmoja tu. Aliyeshinda kwenye mashine ile tangu Machi, akianza na kumaliza saa alizopangiwa, hahitaji mkataba wenye mhuri ili aitwe mfanyakazi. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya 2004, inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Akishindwa kuyaonyesha kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kupinga masharti unamwangukia yeye.

Kwa mchimbaji wa mgao hali ni ngumu zaidi, na ni uongo kumwambia kwamba njia yake ni nyeupe. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, atasema, "Sisi ni washirika, tunagawana." Wakati mwingine ni kweli. Wanaume watano waliochanga pesa, wakachimba na kugawana sawasawa hawana bosi, na hapo Mfuko hauna mwajiri wa kumtazama. Lakini pale mtu mmoja anapomiliki leseni, akanunua matimba na baruti, akapanga nani ashuke na lini, halafu akawapa walioshuka mifuko michache ya mawe, neno mgao linaficha ujira. Swali la kuuliza ni nani alikuwa na uwezo wa kusema "leo hushuki".

Jambo hili ni la uhai na kifo. Novemba 2015 wachimbaji watano walitolewa hai Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi, na taifa likashangilia. Januari 2024 wachimbaji 22 walikufa mgodi ulipoporomoka Ng'alita, Bariadi. Misiba ya namna hii huleta michango na rambirambi, na ni vizuri. Ila rambirambi hutolewa mara moja kadiri ya moyo wa mtoaji, na fidia hutolewa kadiri ya hasara ya aliyepotelewa. Familia inayopokea ya kwanza isidhani imepokea ya pili.

"Ulizembea mwenyewe"

Ngome ya pili ni lawama. Kijana hakuzima mota, kwa hiyo amejitakia. Maneno haya huwanyamazisha watu wengi kuliko hoja nyingine yoyote, kwa sababu majeruhi mwenyewe huyaamini.

Bima ya ajali kazini, tangu Ujerumani ilipoitunga mwaka 1884, imejengwa juu ya makubaliano makubwa: mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kosa la mwajiri, na mwajiri hapati kinga kwa kuonyesha uzembe mdogo wa mfanyakazi. Kinachoulizwa ni kama ajali imetokana na kazi na imetokea wakati wa kazi. Anayejiumiza kwa utovu mkubwa wa makusudi ndiye anayeweza kukosa, na hata huyo sheria yetu inamwachia nafasi akipata ulemavu mkubwa, au akifa na kuacha wanaomtegemea. Kurudisha mkanda haraka ili magunia ya wateja yaishe ni kazi yenyewe ikifanywa kwa haraka aliyoizoea mwenye mashine. Kwa nini mkanda haukuwa na kifuniko ni swali la Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, chini ya Sheria Namba 5 ya 2003. Linaulizwa kwa mwenye mashine.

Siku saba na miezi kumi na miwili

Mlango mmoja ambao sheria haiwezi kumfungulia mtu ni wa muda. Mfanyakazi anatakiwa kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo. Mwajiri akishapata taarifa ana siku saba kuifikisha kwa Mfuko. Kwa ugonjwa unaotokana na kazi, siku 14. Dai lenyewe liwe limewasilishwa ndani ya miezi 12. Bahasha ya siku ya nne huangukia katikati ya siku hizo saba, na athari yake kubwa haiko kwenye pesa iliyomo. Inazima taarifa. Mwaka ukipita, mkono ukaanza kukakamaa na bosi akahamia Sumbawanga, karatasi ya daftari ndiyo itakayobaki.

Kwa hiyo siku za kwanza zina kazi zake. Hospitalini, sema wazi kwamba umeumia kazini, wapi na ukifanya nini, na hakikisha daktari ameandika hivyo. Wengi husema "nimeanguka" ili kumsitiri bosi, na sentensi hiyo moja kwenye faili huwafuata hadi mwisho. Kama ni ajali ya barabarani ukiwa kazini, pata fomu ya polisi ya PF3 na taarifa ya polisi. Andika majina ya waliokuwepo na simu zao, kwa sababu vibarua wa msimu hutawanyika. Tunza ujumbe wa simu wa malipo uliyotumiwa na bosi kila Jumamosi. Kwa asiye na hati ya mshahara, miamala hiyo ni hati ya mshahara. Piga picha mashine kabla haijarekebishwa. Na kama mwajiri hataki kutoa taarifa, peleka mwenyewe kwa Mfuko au kwa ofisa kazi wa mkoa. Ukimya wa mwajiri haukufungi mdomo.

Je, basi bahasha irudishwe? Hapana. Ipokelewe kama msaada wa mtu muungwana, kwa shukrani. Kinachokataliwa ni sentensi inayosema "sina dai lingine". Kama mdaiwa ni Mfuko, mwenye mashine hana mamlaka ya kukusamehesha deni lisilo lake.

Asilimia hutoka wapi

Sasa tufike kwenye kiasi. Mafao yana ngazi. Kwanza ni matibabu. Pili ni malipo ya kipindi ambacho huwezi kufanya kazi: asilimia 70 ya kipato chako cha mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Tatu ni ulemavu wa kudumu. Daktari hupima ni sehemu gani ya uwezo imepotea na kuiandika kwa asilimia. Isipozidi 30, hulipwa mkupuo mmoja. Ikizidi 30, inakuwa pensheni ya kila mwezi. Sheria pia imeweka viwango vya chini na vya juu vya malipo.

Mpangilio huu unaonyesha kwa nini kidonda kibichi hakina bei. Siku ya nne hakuna daktari anayejua kama vidole vilivyobaki vitakunja, kama mshipa wa kiganja umekatika, kama mfupa utaoza. Kati ya asilimia 25 na asilimia 35 kuna tofauti ya kupokea mkupuo mara moja na kupokea kila mwezi maisha yote. Anayekadiria bei kabla ya kupona anacheza kamari, na mwenye hasara ni yule aliyesaini kwa mkono wa kushoto. Anayesikia asilimia asiyoielewa aombe aelezwe imepatikanaje, na apeleke maoni ya daktari mwingine kama yapo.

Jedwali la ulemavu lina kasoro yake, na tuiseme. Linautazama mwili kuliko maisha. Vidole viwili vya mlinzi wa usiku na vidole viwili vya fundi cherehani hukaribiana kwenye karatasi, lakini vya fundi cherehani ndivyo vilivyokuwa duka lake. Sheria inataja pia ukarabati, yaani kumsaidia mtu arudi kazini au ajifunze kazi nyingine, na hilo ndilo fao ambalo majeruhi wachache hukumbuka kuliuliza.

Nguzo nyingine ya hesabu ni mshahara, na hapa wizi huingia kimya kimya. Chukua dereva wa lori la mchanga anayelipwa 800,000 kwa mwezi, lakini mwajiri, ili apunguze michango na kodi, ameandika 500,000. Dereva anapata ulemavu wa asilimia 50. Kwa mshahara wa kweli, asilimia 70 ni 560,000, na nusu yake ni 280,000 kwa mwezi. Kwa mshahara wa karatasi, asilimia 70 ni 350,000, na nusu yake ni 175,000. Pengo ni 105,000 kila mwezi, 1,260,000 kwa mwaka, na kwa miaka 20 ni shilingi milioni 25.2. Mwajiri, kwa kiwango cha asilimia 0.5, alikuwa akiokoa mchango wa shilingi 1,500. Mfanyakazi anayefurahia mshahara "usiokatwa" anapaswa kuiona hesabu hii kabla hajaumia.

Mfanyakazi anapokufa

Kifo kinahamishia mzigo wa ushahidi kwa mjane. Mwenza aliyebaki anastahili asilimia 40 ya pensheni ambayo marehemu angepata, na kila mtoto asilimia 20, mradi jumla isivuke pensheni yenyewe. Msaada wa mazishi nao upo. Kikwazo ni karatasi. Ndoa nyingi zilifungwa kimila, kwa mahari na mashahidi bila cheti, na watoto wengi hawana vyeti vya kuzaliwa. Katika mji uliopokea watu wa kila upande, Wakonongo, Wabende, Wapimbwe, Wafipa, Wasukuma, pamoja na waliokuja kama wakimbizi Katumba na Mishamo, ndugu wa marehemu huenda wako siku mbili kwa basi. Kuandikisha cheti cha mtoto akiwa mchanga ni sehemu ya fidia, ingawa siku hiyo hakuna anayefikiria msiba.

Ukikataliwa

Watu huchanganya milango miwili. Dai la fidia huenda Mfuko. Ukiona uamuzi haukutenda haki, unaomba upitiwe upya na Mkurugenzi Mkuu, kisha unakata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na baada yake Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mlango wa pili ni wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa aliyefukuzwa kwa sababu ameumia. Huo hufungwa baada ya siku 30 tangu kuachishwa. Majeruhi anayesubiri fidia huku akidhani kazi yake inamsubiri huweza kupoteza shauri la pili bila kujua. Vyama vya wafanyakazi kama TAMICO kwa migodi na ujenzi, TPAWU kwa mashamba na TUICO kwa viwanda na biashara vipo kwa ajili ya safari hizi, sawa na wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Majirani wanatupa kipimo. Uganda, ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mapato ya miezi 60. Kenya, chini ya sheria ya 2007, ni miezi 96, na anayelipa ni mwajiri kupitia bima aliyokata. Sheria hiyo ilibishaniwa mahakamani hadi Mahakama ya Juu ilipoihalalisha Desemba 2019. Mkupuo unavutia, hasa kwa anayetaka kufungua duka. Lakini mkupuo huisha, na mkono haurudi. Pensheni ya Tanzania kwa ulemavu mkubwa ni mpango bora kuliko hiyo miwili kwa kijana wa miaka 22 mwenye miaka 40 ya kuishi mbele yake. Upungufu wetu uko njiani kati ya Majengo na sheria hiyo: mwajiri asiyesajiliwa, kibarua asiyeandikwa, daktari asiyeambiwa ukweli, na ushauri wa wazee uliokuwa sahihi zamani.

Wenyeviti wa mitaa wanaoitwa kushuhudia mapatano wanaweza kubadilisha jambo hili bila bajeti. Kabla ya kugonga mhuri, waulize maswali mawili: ajali imeripotiwa Mfuko? Kidonda kimepona? Jibu likiwa hapana hata kwa moja, waandike kwamba mwajiri ametoa msaada, wataje kiasi na tarehe, na waishie hapo. Na wewe unayesoma ukiwa mzima, chukua simu leo umtumie bosi ujumbe wa kawaida kuuliza mshahara wako wa mwezi huu utaingia lini. Akijibu, hifadhi jibu hilo.